Gicheru na Disketi Iliyobaki Tulia

Marehemu Gicheru Ng'ang'a alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 sokoni Kasikeu, ambako babake alikuwa na duka. Alisoma hapohapo Kasikeu, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1969, kisha akaajiriwa kuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa. Kwa taipu hakuwa na mpinzani. Hata barua ya kumposa Ndinda aliipiga taipu, akajiwekea nakala, na mkewe hakuacha kumtania. Walifunga ndoa Kikima tarehe 9 Agosti 1975.

Mwaka wa 1990 alifungua duka la kompyuta Kikima. Hakujua kuandika programu. Alizinunua ndogondogo kwa wanafunzi wa chuo: ya karo za shule, ya bidhaa za duka, ya kupimia wagonjwa dawa. Alizikusanya zote kwenye disketi moja, akaiita Kyondo, yaani kikapu cha kusuka kwa Kikamba. "Mkulima hanunui jembe leo na mpini kesho," alipenda kusema, na watu walinunua nakala zake.

Juni 1994 nesi Mumbua alimpigia simu kutoka zahanati aliyoiuzia disketi hiyo.

"Gicheru, hii kompyuta inaniambia nipatie mtoto wa miezi tatu dawa ya malaria ya mtu mzima. Uliijaribu kweli?"

Hakuwa ameijaribu. Mtoto hakupewa dawa ile, Mungu ashukuriwe. Gicheru alifunga duka akazunguka Makueni na Kitui kuzikusanya disketi alizouza. Alizipata zote isipokuwa moja. Kliniki iliyoinunua, huko Tulia, Kitui, ilikuwa imefungwa, mwenyewe amehama na vyombo vyake, na majirani hawakujua alikokwenda.

Hapo hofu ilimwingia, na haikumtoka tena. Kila aliposikia mtoto amefariki upande wa Kitui, aliuliza kwanza, "Alitibiwa wapi?" Kabla ya pole, kabla ya jina.

"Ndinda, niliuza kyondo bila kuangalia chini kuna nini," alimwambia mkewe.

Presha ilimpanda, akalazwa Septemba mwaka huu. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1997. Ameacha mjane, Ndinda, watoto wao Wanjiro na Mutie, na mjukuu wa miezi minne.

Kwa desturi, hapa familia huuliza kama kuna anayemdai marehemu. Leo tunaomba lingine. Disketi ile ina karatasi ya kijani iliyoandikwa Kyondo. Ukiiona popote, usiitumie. Mletee Ndinda, hata ikiwa imevunjika.

Lala, Gicheru, pumzika sasa. Kuitafuta umetuachia sisi.