Bi Woga, Aliyetangulia Kushuka

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Woga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya mitelezo ya watoto, ile ya kupanda kwa ngazi na kushuka kwa makalio. Jina hilo alibandikwa na fundi wa kalibu za kutolea maumbo ya mitelezo, naye akalipenda mpaka akaliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Alianza kwa penseli na rula. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizishangilia; yeye alizitazama kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Alizijua haraka kuliko wote, ila kuziamini, hata siku moja.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, kazi yenyewe ni hii. Unachora mikato ya bomba la mtelezo, yaani umbo lake kana kwamba limekatwa vipande: duara huku juu, umbo la yai kwenye kona, mdomo mpana na bapa chini. Kisha unaiamuru kompyuta iivike mikato yote ngozi moja laini. Kila mkato una nukta ya kuanzia, na nukta zote lazima zikae upande mmoja. Moja ikihama, ngozi hujisokota kama nguo inayokamuliwa. Ikihama kidogo tu ndiyo balaa zaidi, maana kwenye skrini umbo linapendeza na jicho halishtuki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mtelezo wa bluu, ambao wakongwe wa karakana bado wanautaja kwa sauti ya chini. Bi Woga aliuchora mwenyewe. Mkurugenzi akausifu, fundi akautoa kwenye kalibu, ukasimamishwa uani. Siku ya kuujaribu, kitindamimba wake, binti wa miaka sita, alikuwa ameshafika juu ya ngazi. Bi Woga akasema anaogopa na hajui kwa nini. Watu wakacheka. Akamshusha mtoto, akatangulia yeye. Kwenye kona bomba lilimlaza ubavu, na mdomo ukamtema nje kichwa kikitangulia. Alivunjika bega, lakini si bega lililomliza. Alilia alipomwona binti yake chini ya ngazi, akisubiri zamu yake.

Tangu hapo ikawa sheria yetu, ingawa haijaandikwa popote: aliyechora ndiye anayeshuka kwanza. Bi Woga ameshuka yote aliyoichora, mmoja aliushuka akiwa amevaa gauni la harusi ya mdogo wake, kwa sababu lori la kuubeba lilikuwa linasubiri. Hakuna mtoto aliyewahi kuumia. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi tulikwisha kuvipata vyote viwili kwa mtu mmoja.

Sasa nyonga yake imegoma na daktari amempiga marufuku kushuka, nami nimerithi kiti chake. Mtelezo wa kijani uliosimama uani ni wangu wa kwanza. Nimeugeuza kwenye skrini kila upande na kuzikagua nukta mpaka macho yakatoa machozi. Mkurugenzi anasema uko safi kabisa. Hata ule wa bluu aliusema hivyo hivyo. Naogopa. Nilimweleza Bi Woga nikitumaini atanituliza. Akasema vizuri sana, na siku nitakayoacha kuogopa nimrudishie kiti chake.

Baada ya chai, sote tunaelekea uani. Binti yangu amelitangazia darasa zima kwamba atakuwa wa kwanza kushuka. Atakuwa wa pili.

Bi Woga, asante kwa bega lako na kwa watoto wote waliofika chini wakicheka. Nyonga ipone, usingizi uwe mtamu, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Ila leo usiondoke mapema. Simama pale kwenye mdomo wa bomba, umshike mwanangu mkono mpaka nitokee.