Unyoya Anashuka kwenye Kreni Namba Mbili

Miaka thelathini na sita, na hakuna mtu hata mmoja aliyeumia chini ya mzigo wake! Hata kidole. Hata ukucha. Mnisamehe nimetanguliza habari kabla ya salamu, lakini barua ya idara ya usalama imetoka Jumatatu na tangu siku hiyo habari hii imenijaa kifuani kama maziwa ya mzazi. Hamjambo wasomaji wa jarida la wafanyakazi? Mimi ni mama yake.

Anayestaafu ni mwendesha kreni namba mbili, yule ambaye bandari nzima inamwita Unyoya. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne. Jumamosi tarehe 29 mwezi huu anatimiza sitini, na ndiyo siku atakayokabidhi kofia yake ngumu na kadi ya getini.

Najua wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Wenzake walijaribu. Binti wa ofisi ya utumishi aliniletea walichoandika: mistari saba, na sita kati yake ni vyeo. Nikamwambia, "Mwanangu, hii ni karatasi ya kubandika kwenye kontena, si sifa za mtu. Hebu nipe kalamu." Mimi shule niliishia darasa la sita. Lakini huyu nimemsoma miaka sitini na sijamaliza.

Nianze na baba yake, maana bila yeye hamtaelewa kitu.

Mume wangu aliingia bandarini akiwa kuli, enzi za magunia. Asubuhi wanaume walijipanga getini, nyapara akapita akinyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Asiyenyooshewa alirudi nyumbani kutazama ukuta. Siku za saruji alirudi mweupe kutoka nywele hadi kope, nikawa namkung'uta nje kama mkeka kabla hajaingia. Mara ya kwanza nilifua shati lake bila kulikung'uta. Asubuhi nikakuta maji ya kwenye karai yamegeuka sakafu. Karai lile tulilitumia miaka mingi kuzuia mlango usijifunge.

Baadaye wakagundua ana jicho, wakamfanya mpiga ishara. Nieleze kwa walioajiriwa juzi. Zamani mizigo ilitolewa kwenye tumbo la meli kwa winchi. Dereva wa winchi alikaa mahali ambapo hawezi kuona chini, na kule chini kuna watu kumi na wawili. Mume wangu alisimama ukingoni, akiona wote. Kidole kikizunguka juu, pandisha. Kikizunguka chini, shusha. Kiganja kimoja kikifunika kingine, polepole. Ngumi, simama. Mikono miwili ikipishana juu ya kichwa, simama hapo hapo, usiulize. Dereva hakuwa na kingine cha kutazama. Uhai wa watu kumi na wawili ulikuwa kwenye mikono ya mtu ninayempakulia chakula. Wakamwita Mikono, na mpaka leo ni Mzee Mikono.

Winchi zile zilipiga kelele ya kupasua kichwa, nazo zikamla masikio kidogo kidogo. Nyumbani tukaanza kuzungumza naye kwa ishara za kazini, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Kijiko kikizungushwa juu, ongeza. Ngumi, imetosha. Vyumba viwili, watoto wanne, na bado wageni walidhani hakuna mtu ndani. Unyoya alijua kusema "shusha" kwa kidole kabla hajajua kusema "maji" kwa mdomo.

Alipokuwa darasa la pili niliitwa shuleni. Mwalimu amefura: "Mama, mwanao ana dharau. Nikisomea imla ananinyooshea ngumi!" Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo si dharau. Anakwambia simama, unakwenda mbio." Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Kuanzia hapo, naambiwa, kila imla alikuwa akiitazama kwanza mikono ya binti yangu.

Sasa lile lililotuumiza. Siku moja nyapara alimpigia mume wangu kelele ahame, mzigo unamjia kwa nyuma. Hakusikia. Ulimpita kichwani shubiri moja tu. Kesho yake wakamtoa melini, wakampa ufagio afagie getini. Mtu aliyeshika roho za watu mkononi! Alifagia siku tisa. Ya kumi akauegemeza ufagio ukutani, akarudi nyumbani, akasema, "Lile geti silipiti tena." Ni miaka thelathini na minane sasa. Hajalipita.

Miaka miwili baadaye Unyoya akaja na barua ya ajira, ya bandari ile ile. Baba yake aliisoma, akaikunja, akamrudishia. Niliyekataa ni mimi. Nilisema bandari imeshakula masikio ya nyumba hii, sasa inataka na macho? Akaniambia, "Masikio nitaziba pamba, mama." Na kweli aliziba, miaka yote thelathini na sita. Leo mnong'oneze jambo chumba cha pili, atakujibu.

Miaka saba ya kwanza aliendesha foko, ile gari ya kunyanyulia mizigo. Kisha nafasi ya kreni ikatangazwa, na hakukuwa na mwanamke aliyewahi kuiomba. Wanaume wakamwambia, "Dada, kule juu hakuna kioo cha kujitazama." Akawajibu, "Kuna sakafu ya kioo, kaka. Nitawatazama nyinyi." Waliofanya mtihani walikuwa tisa. Aliyefaulu mara ya kwanza ni mmoja, na sitamtaja, maana watu watasema najisifu.

Jina la Unyoya alipewa na karani wa kuhesabu makontena. Karani alikuwa amegeuka akiandika kwenye ubao wake. Unyoya akashusha kontena ndani ya mistari yake, nyuma ya karani. Karani alipomaliza akageuka kuondoka, akajigonga paji la uso kwenye chuma. "Wee! Hili limeshuka saa ngapi? Limeshuka kama unyoya!" Uvimbe wa karani ulidumu siku tatu, jina limedumu miaka ishirini na tisa.

Na asidhani mtu kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Wiki yake ya pili juu, afisa mmoja wa meli alivamiwa na nyigu. Akaanza kupunga mikono juu ya kichwa, huku na huku. Unyoya akasimamisha kila kitu. Kontena likabaki hewani, malori yakajipanga mpaka nje, na yule afisa akawa bado anapigana na nyigu wake. Msimamizi alikuja mbio, jasho linamtiririka: "Umesimamisha gati nzima kwa ajili ya mdudu?" Akamjibu, "Mzee, mkono ni mkono. Ukipungwa, nasimama. Nikianza kuchagua mikono, kuna siku nitachagua vibaya." Walimcheka mwezi mzima. Wakimwona kantini wanavuma, "Zzzz."

Kicheko kiliisha mwaka wa mvua kubwa, miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa mchana, lakini mvua ilikuwa imefanya giza. Redio za mkononi ziliingia maji zikafa. Unyoya alikuwa anashusha kontena la tani ishirini, na mpiga ishara wa chini alikuwa anamwonyesha shusha, shusha. Wanaume wawili walikuwa wamepita nyuma ya rundo la makontena kufungua vyuma, na mpiga ishara hakuwaona. Aliyewaona ni mpishi wa meli, aliyetoka na ndoo ya maganda ya viazi. Hana kofia ngumu, hana kizibao cha kung'aa, ana aproni tu. Akatupa ndoo, akapishanisha mikono juu ya kichwa.

Mwingine angesema, mpishi na kreni wapi na wapi? Mwingine angefuata ishara ya mwenye kazi yake. Mwanangu, kupitia kioo kinachotiririka maji, kutoka urefu wa nyumba kumi zilizobebana, aliona mikono ya mpishi, akasimama. Kontena lilibaki juu ya vichwa vya wale wawili kwa kimo cha mlango. Wao wenyewe walijua baadaye, walipoinua macho kutafuta kwa nini mvua imeacha kuwanyeshea.

Mmoja wao alikuja nyumbani kwetu Jumapili iliyofuata na mkewe. Alikaa, akanywa maji. Mwisho akamgeukia mume wangu, akamweleza yote kwa mikono: mzigo, mvua, mpishi, simama. Mzee alifuata mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda uani, akasimama akitazama ukuta. Nilimfuata. Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikujua bado anayo, "Amesimama kwa mkono wa mpishi." Basi. Nilidhani kesho yake ataomba aende akamwone mwanawe kazini. Hakuomba.

Mimi nilikwenda, siku ya familia, mwaka juzi. Nilijua kreni ni kubwa, naiona kutoka mtaani kwetu. Lakini kuiona kwa mbali si kusimama chini yake. Ina miguu minne, na kati ya miguu hiyo malori yanapita kama mbuzi chini ya meza. Nikainua uso mpaka kilemba kikaanguka. Kule juu kabisa kulikuwa na kisanduku cha kioo, na ndani yake kitone cheusi kimeinama, kinatazama katikati ya miguu yake. Nikasema kimoyomoyo, yule nilimbeba mgongoni. Kontena likashuka mbele yangu, kubwa kuliko nyumba niliyomzalia, likagusa lori, na lori halikutikisika. Nikapiga makofi peke yangu, watu wakinitazama. Na niwaambie siri: kule juu hakuna choo. Miaka ishirini na tisa mtu huyu hajanywa chai kabla ya zamu.

Ameshawafundisha kumi na wanne, watano wao wanawake. Kila mmoja humwanzishia ishara za mikono kabla hajamruhusu kugusa redio, na akilalamika humwambia, "Redio ina betri. Mkono una mtu."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi wiki hii. Baba yake ana miaka themanini na minne. Alichokijua yeye ndicho kilichomfikisha binti yake kule juu, na hajamwona hata siku moja akikitumia. Unyoya akishuka Jumamosi hapandi tena.

Ile Jumatatu alikuja nyumbani na barua mbili. Ya kwanza mnaijua. Ya pili ilitoka kwa uongozi: ameruhusiwa kuinua kontena moja la mwisho mbele ya familia, redio zikiwa zimezimwa, na achague mwenyewe nani ampigie ishara. Masharti yameandikwa: kontena liwe tupu, watu wote wakae nyuma ya mstari wa manjano, na mpiga ishara wa kazini asimame hatua moja pembeni. Akaiweka mapajani kwa baba yake.

Mzee akaisoma mara mbili, akairudisha. Huongea kwa kupaza sauti, hivyo majirani nao waliarifiwa: "Siwezi! Macho yangu hayafiki huko juu siku hizi. Nitampigia nani ishara, mawingu?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilitaka kumsihi, kumkumbusha, kumgombeza, yote kwa pamoja. Unyoya akaninyooshea ngumi: mama, simama. Akachuchumaa mbele ya baba yake. Akagusa macho yake mwenyewe mawili. Akagonga migongo ya mikono ya baba yake. Kisha akajionyesha yeye, juu. Niliyasoma yote nikiwa pale pale mlangoni. Anayepaswa kuona ni mimi, baba. Wewe leta mikono.

Na ni kweli, kazi yao ndivyo ilivyo. Wa chini anatazama mzigo tu. Wa juu ndiye anayemtazama wa chini. Mzee alilijua hilo kabla huyu hajazaliwa, ila lilikuwa limemtoka. Akaigeuza mikono yake, akaitazama viganja, akaitazama kwa nyuma. Akauliza kwa sauti ile ile ya mtaa mzima, "Gati namba ngapi?"

Binti yake akamwonyesha vidole vinne.

Wafanyakazi wenzake, asanteni kwa kumlinda mwanangu na kwa kumtania, maana asiyetaniwa kazini hapendwi. Uongozi, asanteni kwa barua, hasa hiyo ya pili. Nawe Unyoya, mkata ubishi wangu, sisi wazazi wako tunakuombea afya na miaka mingi ya kuamka upendavyo. Ardhi uliyoitazama kutoka juu ikupokee vizuri.

Mzee ameniambia geti lile atalipita, lakini hatalipita peke yake. Kwa hiyo wote mliowahi kufanya kazi chini ya mikono yake au chini ya kreni ya binti yake, na watoto wenu, na wajukuu wenu, tukutane nje ya geti kubwa tuingie naye: Jumamosi tarehe 29, saa mbili na nusu asubuhi.