Muuguzi Aliyeitwa Daktari

Mzee tunayemsindikiza leo, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari, hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi. Mwenyewe alilisema hilo maisha yake yote bila mafanikio, na familia inaomba lisikike walau leo, ambapo hakuna atakayebishana naye.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Baada ya shule ya msingi alikwenda sekondari ya bweni, na huko akalazwa kwa homa ya matumbo. Alipopona alitangaza kwamba atasomea uuguzi. Baba yake alimuuliza kwa nini asiende moja kwa moja kwenye udaktari. Kijana akajibu kwamba daktari alipita akaenda zake; aliyekaa naye ni muuguzi. Baba alirudi kwenye cherehani yake na suala hilo halikuzungumzwa tena.

Alihitimu chuo cha uuguzi mwaka 1974, akapangiwa wodi ya wanaume katika hospitali ya mji, na hakutoka humo hadi alipostaafu mwaka 2011. Jumapili, watu walimfuata barazani kwake na maradhi yao. Aliwasikiliza wote, kisha akawagawa: wa jino kwa tabibu wa meno, mwenye maswali ya vidonge kwa mfamasia, mjamzito kwa mkunga, na aliyekuja na mkojo kwenye chupa ya soda alielekezwa maabara, aende na chupa yake. Waliondoka wakimsifu: daktari gani huyu, hana makuu hata chembe.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979. Ukumbini, baba mkwe alimtambulisha kwa wageni kama mkwe wake daktari. Bwana harusi alisimama akasema, "Baba, mimi ni muuguzi." Mzee akawageukia wageni, uso umemjaa furaha: "Mnaona? Daktari wa kweli hajitangazi." Ukumbi ulipiga makofi. Bibi harusi naye alipiga, na tunaweza kusema hakuacha kupiga kwa miaka yote iliyofuata. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Januari mwaka huu presha ilianza kumsumbua. Siku moja jikoni, akimenya vitunguu, alimwambia mkewe kwamba akizidiwa asiachwe afie wodini. Alikuwa amewafunika shuka wengi mle. Alitaka chumba chake, dirisha lake na kelele za karakana ya baiskeli ya jirani, ambazo alizilalamikia tangu wahamie. Mkewe aliahidi. Mwezi Juni kiharusi kikamchukua upande wa kulia, kikachukua na kauli, naye akalazwa wodini.

Mkewe hakuisahau ahadi. Kila asubuhi alimvizia bwana mmoja mwenye mvi, koti jeupe na tai, aliyekuja kumnyoosha mgonjwa mkono na mguu, akamsihi amruhusu mumewe arudi nyumbani. Bwana yule alisema yeye si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Ruhusa iombwe kwa daktari. Mkewe alitabasamu. Mtu wa namna hiyo alikuwa ameishi naye tangu ujana. Akaamua kumpa muda.

Palikuwa pia na binti mwembamba aliyepita na faili. Alijitambulisha siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mkewe hakuwa akisikia neno la mtu. Alimwita sista, akamwomba ambadilishie mgonjwa shuka, na binti akazibadilisha. Mgonjwa aliyaona yote hayo. Aligonga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, macho yakimfuata yule binti. Mkewe akadhani ana kiu, akamnywesha maji.

Hatimaye binti aliketi kando yake, akamweleza taratibu kwamba mgonjwa hatapona. Mkewe alimwambia kwa heshima kwamba habari kama hiyo angependa aisikie kwa daktari.

"Mama, daktari wake ni mimi. Mimi ndiye daktari bingwa wa wodi hii."

Mkewe aliuliza kama ingewezekana kumpeleka nyumbani.

"Iliwezekana tangu mwanzo, mama. Nilidhani ninyi ndio hamtaki."

Alirudishwa nyumbani Alhamisi tarehe 17 Julai 2025. Kitanda kilielekezwa dirishani, na karakana, kwa bahati, ilikuwa na kazi nyingi. Mkewe alimgeuza kwa mikono isiyozoea, akimwomba radhi; mume alimshika kidole, akakishikilia. Jioni ileile alifariki dunia. Wangeweza kupata majuma kadhaa. Walipata mchana mmoja.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mtaa ambao asubuhi hii umeleta shada lenye maandishi "Daktari Wetu". Fundi wa jiwe la kaburi naye alikuja kuuliza kama jina litanguliwe na Dkt. Mjane alitoka akamjibu mwenyewe.

"Andika Muuguzi. Alituambia, tukadhani anajishusha."

Muuguzi apumzike kwa amani.