Rakeli Nyirangabo, Aliyeniandika wa Kwanza

Ndugu, jamaa na wote mliofika hapa Columbus, tumekuja kumsindikiza Rakeli Nyirangabo. Mimi ni Gasore, mdogo wake, natoka Buffalo. Watoto wake waliniomba nisome. Nilikataa mara mbili. Ya tatu niliogopa kukataa.

Dada alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 huko Minembwe, katika milima ya Kivu ya Kusini, mtoto wa kwanza wa Mzee Gakunzi. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akaachishwa ili anibebe mimi mgongoni. Mwaka 1976 aliolewa na Kamanzi, wakajaliwa Uwineza na Ganza. Kamanzi aliuawa vitani mwaka 1998.

Mwaka 2004 tulikimbilia Burundi, tukaishi kambini katika hema moja. Siku ya kuandikishwa, karani alimuuliza dada nani alilala humo usiku uliopita. Dada hakujua uongo, akataja waliolala. Mimi nilikuwa nimekwenda siku mbili kutafuta kibarua cha kulima, basi sikutajwa. Kumbe orodha hiyo ndiyo ilikuwa faili ya kupelekwa Amerika. Mwaka 2007 yeye na watoto walipelekwa Louisville, nami nikabaki kambini miaka sita. Aliandika barua ofisi kwa ofisi ili niongezwe, haikusaidia. Mimi sikutaka kuyasikia hayo.

Louisville alifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Mwaka 2010 alihamia hapa, mtaa wa Linden, akawa anamtunza mzee Myahudi huko Gahanna. Ni Mzee Seymour, yule pale kwenye kiti cha magurudumu. Siku yao kuu ya kufunga, mzee alijipigapiga kifua akiungama: tumeiba, tumesema uongo, tumefanya jeuri. Dada alicheka, akamwambia hata kijiko anashikiwa, sasa ameiba lini? Mzee akamjibu kwamba kwa mafundisho yao roho zote zilitoka katika roho moja ya Adamu. Miili ndiyo tunayoiona mingi. Roho iliyofichika ndani yake ni moja. Mwenzako akiiba, na wewe umo, ndiyo maana wanaungama wote pamoja. Akamweleza pia kwamba kabla ya siku hiyo mtu humwendea aliyemkosea kuomba msamaha, hata mara tatu.

Dada alikuwa mlokole asiyekosa ibada, lakini neno hilo lilimkaa moyoni. Mara ya kwanza aliniomba msamaha kwa simu, nilipofika Buffalo mwaka 2013. Mwaka uliofuata alipanda basi mpaka Grant Street, kwenye duka ninakouza unga wa muhogo. Nilihudumia wateja wengine mpaka akachoka kusimama, akaondoka. Septemba 2015 alipiga simu tena.

"Gasore, hii ni ya tatu. Tumekosa, ndugu yangu."

"Weye njo ulikosa, weye peke yako," nikamjibu. "Miye simo."

Nikakata simu.

Januari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aliugua bila kulalamika, akiwasumbua wauguzi kwa kutaka kutandika kitanda mwenyewe. Uwineza aliponiita nilipanda basi siku hiyohiyo. Dada alifariki Jumamosi, tarehe 20 Agosti 2016, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Mimi nilifika saa nne.

Uwineza alinipa karatasi. Mama yao alikuwa amemtajia majina ya kusomwa leo, na Ganza akauliza kwa Kiingereza kama watoto si ndio hutangulia. Mama yao alijibu hivi: "Hapana. Andika Gasore kwanza. Ile siku sikumutaja."

Leo asubuhi nilimuuliza Mzee Seymour kama jibu langu linaweza kumfikia dada sasa. Alisema kama roho ni moja, litafika. Sijui kama naamini. Nataka sana kuamini.

Nasoma kama alivyoandikisha. Rakeli ameacha mdogo wake Gasore, watoto wake Uwineza na Ganza, mjukuu wake Isaro, na Mzee Seymour wa Gahanna.

Tumekosa, dada. Nami nimo. Pumzika kwa amani.