Mkono wa Agnella

Kijiwe chetu kilikuwa Ifakara, kando ya njia iendayo Katindiuka: benchi moja na gogo moja, mbele ya ukuta wa nyuma wa nyumba ya Raimundi. Kahawa aliuza Hermenegildi, ambaye vijana walimwita Jenerali ingawa hakupata kuwa hata mgambo. Walikuwapo pia Melkiori, aliyeitwa Pantoni kwa kuwa alifanya kazi kwenye kivuko cha mto Kilombero, na Dionisi, aliyeitwa Koboa kwa sababu ya mashine yake ya mpunga. Mimi, mwalimu wa shule, sikupewa jina la utani. Kiangazi kile cha mwaka 1996 tulikaa pale kila alasiri tukiutazama ukuta. Jua lilipoufikia, mkono wa mtoto ulitoka katika tundu mpaka kiwikoni, ukafunua kiganja, ukatulia.

Ulikuwa mkono wa kulia wa Agnella, binti wa Raimundi, mwenye miaka minne. Ukurutu ulimshika tangu uchanga. Hospitali walimpa mafuta ya kupaka, lakini bibi yake, Bi Merina, alikuwa na wazo lake. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hapigwi na jua, na siku ya kutolewa ngozi yake huwa nyororo hata watu wakamsifu. Bi Merina akasema, kama ndani kunalainisha ngozi ya mwali, kutaponya na ya mjukuu. Akamweka ndani tangu mavuno ya mwaka uliotangulia, madirisha yakazibwa kwa magunia.

Siku moja Raimundi alikuja na karai la udongo uliokandwa, akalitua chini ya tundu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Unajenga, Raimundi? aliuliza Pantoni.

— Naziba. Mama anasema dawa haishiki kwa sababu ya huu mwanga. Na sasa miguu imelegea. Mtoto alikuwa anakimbia, leo hata kusimama hawezi.

— Tundu lenyewe alitoboa nani?

— Yeye. Kwa kucha. Tulikuwa tunamsikia akikuna, tukidhani anakuna ngozi. Kumbe anakuna ukuta.

Mkono ukatoka.

— Ziba, bwana, alisema Koboa kwa sauti ya chini. Huo mkono unamwita mtu.

— Mtu gani?

— Tazama kiganja. Kinaanza kuelekea huku, halafu taratibu kinageuka kule, kama kinamfuata anayepita. Kila siku.

— Na kule kuna nini? aliuliza Jenerali huku akimimina.

— Makaburi. Si ndiko alikolala Rosa, mama yake?

— Wee Koboa, vumbi la pumba limekupanda kichwani! alisema Pantoni. Marehemu mke wa mwenzio unamgeuza mpita njia? Sikieni. Mwaka wa mafuriko tulimwopoa mtu pale kivukoni. Mifupa yake ilikuwa imelegea hivyo hivyo, unaikunja kama kamba. Maji hunyonya mifupa. Nyumba hii iko juu ya mkondo wa zamani, na mtoto ananyonywa kutoka chini.

— Mkondo upi? nilimuuliza. Hapa palikuwa shamba la mihogo la mzee Venance.

— Chini ya mihogo kuna nini, mwalimu? Umechimba?

Jenerali alitua birika.

— Mnahangaika bure. Mtoto hayumo.

— Hayumo vipi, na mkono ule pale?

— Mkono, ndiyo. Nani hapa kamwona uso tangu mavuno ya mwaka jana?

— Jenerali, mimi ndiye ninayemlisha, alisema Raimundi.

— Unamlisha gizani. Una hakika unamlisha nani?

Raimundi aliinama kwenye karai. Alichota udongo, akasimama nao mkononi.

Ndipo akafika Mayunga, mfugaji wa Kisukuma kutoka Idete, aliyekuja mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Hakuwahi kukaa kijiweni kwetu. Alitusalimu mmoja mmoja, akaomba kahawa, kisha akauona mkono. Aliusogelea, akainama.

— Wazee wangu, mtoto anaumwa nini?

— Ukurutu, alijibu Raimundi. Shingo, mgongo, mapaja. Mkono wa kushoto unachuruzika maji.

— Na huu?

— Mwili mzima, nimekwambia.

— Sasa huu mbona hauna?

Tulisogea. Kiganja kilikuwa safi, na ngozi ilikuwa laini kupanda juu. Pale kiwikoni, ulipoingia katika kivuli cha tundu, magamba na damu vilianza, sawasawa na mahali jua lilipoishia. Jenerali alikuwa akimimina kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa, ikamchuruzika vidoleni asiisikie.

Sauti ya Bi Merina ikatoka ndani.

— Raimundi! Mbona bado kunaangaza? Umeziba?

— Fungua mlango, mama. Namtoa.

— Hatoki. Siku zake hazijatimia.

Tulisikia kitu kizito kikiburutwa hadi mlangoni. Kisha mkono ukavutwa ghafla, tundu likabaki jeusi. Punde tu, chini kidogo ya tundu lile, tukasikia kucha: kru, kru, kru.

Raimundi aliutupa udongo. Akaingiza mkono wake ndani ya tundu, akashika ufito, akavuta. Bonge la ukuta likaanguka miguuni pake.

— Nyumba itakuangukia wewe! alisema Pantoni.

Raimundi alivuta wa pili. Mayunga aliweka fimbo yake chini, akashika upande wa pili.

— Mtoto, rudi nyuma kidogo, aliita Mayunga kupitia tundu.

Kucha zikanyamaza. Niliweka kikombe changu juu ya gogo, nikaenda kuwasaidia. Jua lilikuwa limebaki kidogo.