Nilingoja Aitikie Shikamoo

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko uliyetupa ukumbi huu, mwalimu wetu Wolfgang, ndugu wageni mliotoka Katesh na Basotu, nanyi wanafunzi wenzangu wa barua pepe hapa Mogitu: wakubwa wangu nawapa shikamoo, wadogo habari zenu.

Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya darasa. Nilikataa. Shule ya msingi sikuimaliza, na hili darasa la barua pepe nalimaliza kwa aibu. Lakini Sauda wa duka la vitenge alisema Mama Konsolata ndiye aliyejifunza kwa machungu kuliko sisi wote, basi aseme yeye.

Binti yangu Konsolata alipata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kikataka mzazi athibitishe kwa barua pepe, mwisho Ijumaa, kwamba mtoto atafika. Yeye alikuwa Basotu anamuuguza bibi yake, kule ambako mtandao unakuja na kuondoka. Akanipigia akasema, mama, si unasoma? Basi andika wewe. Jamani, nilivyojiona mkubwa siku ile.

Anwani ya mkuu wa chuo nikaiandika herufi kwa herufi, bila kuacha nafasi, kama tulivyofundishwa. Chini yake nikaandika: Shikamoo Mheshimiwa Mkuu. Nikatuma. Nikakaa kungoja.

Niwaulize, ndugu zangu: nani kati yetu huingia kwa mtu mkubwa akaanza kumwaga shida zake kabla hajaitikiwa? Nilikamua ng'ombe simu ikiwa kifuani, nikapalilia maharage huku naichungulia. Kimya. Nikadhani nimekosa adabu, nikatuma shikamoo nyingine. Ijumaa ikapita.

Jumatatu mwalimu akauliza kama nimeshatuma. Nikajibu, "Bado hajaitikia." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, sijui nacheka nini. Sauda akasema, "Mama Konsolata, umesimama unapiga hodi, na mlango uko wazi." Mwalimu hakucheka. Alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Mama," akasema, "barua pepe haingoji kuitikiwa. Salamu, shida yako na jina lako vinaingia pamoja."

Tukaandika yote palepale. Jibu likaja: nafasi amepewa mwingine, aombe tena mwakani.

Konsolata aliporudi hakunigombeza. Ila asubuhi alinipita kwenda kuchota maji bila kuniamkia, na kesho yake hivyo hivyo. Mzazi asiyeamkiwa na mtoto wake, amebaki na nini? Wala sikuwa na mdomo wa kumdai.

Sasa leo, Mheshimiwa, wakati unagawa vyeti, simu imelia kifuani. Mnisamehe, nimeichungulia. Mwanangu yuko pale nyuma, karibu na mlango, ameinamia simu kana kwamba hanijui. Ameandika: "Shikamoo mama. Mwakani nitaomba tena. Barua ya kuthibitisha utaandika wewe. Konsolata." Salamu, shida, jina, vyote pamoja.

Mwalimu Wolfgang, Mungu akubariki kwa kile kiti ulichokivuta. Wazee wangu na wageni wetu, asanteni kwa kunivumilia mimi na aibu yangu. Vidole vyangu bado vizito, kuandika nitachelewa tena, na huyu simcheleweshi. Naomba nimjibu kwa mdomo, mbele yenu.

Konsolata, marahaba, mwanangu.