Kornelia Tluway (1952–2025), Mama wa Jorodom Aliyejua Kihispania

Kornelia Tluway alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 huko Tumati, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Tluway na Mama Marieta. Alisoma hadi darasa la saba. Baba yake aliugua mwaka huo huo, shamba likahitaji mikono, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1970 aliajiriwa jikoni katika nyumba ya masista wamisionari. Masista walitoka Hispania, Meksiko na Chile, na marehemu akajifunza Kihispania huku akipika. Alisimulia kwamba maharage peke yake yalimsumbua mwezi mzima: wa Hispania aliyaita judías, wa Meksiko frijoles, wa Chile porotos, na kila mmoja aliona wenzake wanakosea. Yeye aliyapika, wakala wote. Ukutani palikuwa na ramani. Akaonyeshwa nchi zinazosema lugha hiyo, kutoka Hispania, kuvuka bahari hadi Kuba na Meksiko, kushuka mpaka Ajentina. Kilichomshangaza ni kukuta mojawapo iko Afrika hii hii: Guinea ya Ikweta.

Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa na Maximilian Gidamis, seremala wa misheni, mwenyeji wa Katesh. Walijaliwa watoto watatu, na mwaka 1994 wakahamia Jorodom, hapa Katesh, chini ya mlima Hanang. Mzee Maximilian alimwamini mkewe kwa mambo yote, isipokuwa habari ya Waafrika wanaosema Kihispania. Alijua anataniwa.

Mei 2009, mama mjamzito alishushwa kwenye basi Katesh akiwa na uchungu. Alikuwa akimfuata mumewe, Mtanzania aliyekutana naye masomoni Kuba. Manesi walijaribu Kiswahili, Kiingereza, hata Kifaransa cha kubahatisha. Mmoja wao akamkumbuka Mama Kornelia, akaitwa kutoka shambani. Alipomsalimia tu kwa Kihispania, yule mama alimshika mkono na kueleza kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na nusura yeye mwenyewe apoteze maisha. Manesi waliposikia hayo, hawakungoja; gari likaondoka naye kwenda hospitali kubwa, Mama Kornelia akiwa pembeni yake njia nzima. Alizaliwa mtoto wa kike, mzima.

Mama Kornelia aliporudi nyumbani, Mzee Maximilian alimuuliza mgonjwa ametoka wapi. Akamjibu, "Guinea ya Ikweta." Mzee akasema, "Basi nimekubali. Ipo."

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang lilichukua nyumba yao pamoja na Mzee Maximilian. Mama alikuwa Tumati kumuuguza dada yake. Alizika bila chozi. Wiki ya tatu simu iliita. Ni yule mama wa 2009, amesikia habari. Wakaongea Kihispania, na hapo ndipo Mama alipolia, mpaka jioni.

Tangu mwaka jana alisumbuliwa na moyo. Alitunzwa na binti yake, Agatha, hapa Katesh, na siku zote alikaa akiupa mlima mgongo. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2025 aliomba kiti kigeuzwe. Akautazama kwa muda mrefu, akasema, "Sina neno nao tena." Saa nane mchana alifariki.

Ameacha watoto Agatha, Clement na Ignasi, wajukuu tisa, kitukuu mmoja, na dada yake Justina.

Mama, umefanya kazi yako. Pumzika sasa kwa amani ya Bwana.